Kuzuru mahekalu ya kale ya Kyoto na Nara kwa mara ya kwanza

Kaizari wa Japani alikaa Kyoto tangu mwaka 794 hadi 1868. Kabla ya hapo mji mkuu ulikuwa Nara, tangu 710 hadi 784. Miji hiyo miwili imetenganishwa na safari ya treni isiyofika saa moja, na ndani yake zimesalia nyumba za ibada zenye historia ya zaidi ya miaka elfu moja. Mwaka 1994 UNESCO ilitia maeneo 17 ya Kyoto na miji jirani ya Uji na Otsu katika Urithi wa Dunia: mahekalu 13 ya Kibudha, jinja 3 (nyumba za ibada za Kishinto, dini ya asili ya Japani) na ngome moja. Mgeni akiipata orodha hiyo hutaka kuimaliza. Hukimbia toka basi hadi basi, hupiga picha getini, na jioni hakumbuki tena sanamu ipi ilikuwa ya hekalu lipi.

Nakuomba usifanye hivyo. Chagua sehemu mbili kwa siku, tatu zikizidi sana. Fika mapema, na kabla ya kuvuka geti ujue nyumba hiyo ni ya nani na ilijengwa kwa sababu gani. Mpango ulio hapa chini ni wa siku nne, na umepangwa kwa mtu anayetoka Afrika Mashariki, kwa sababu mwili wake utafika ukiwa bado unafuata saa za nyumbani.

Hatua ya 1: Viza, tiketi na majira

Mtanzania na Mkenya wote wanahitaji viza. Ya kuingia mara moja kwa kawaida hudumu miezi mitatu tangu itolewe, kwa hiyo usiiombe mapema mno, wala usingoje wiki ya mwisho. Ukipata tiketi ya uwanja wa Kansai, ulio karibu na Osaka, inakufaa kuliko ya Tokyo. Toka Kansai treni ya Haruka hufika Kyoto kwa muda wa saa moja na robo hivi. Toka Tokyo utaongeza zaidi ya saa mbili za Shinkansen, treni ya mwendo kasi, na nauli yake si ndogo.

Maua ya sakura, yaani mcheri, huchanua mwishoni mwa Machi na mwanzoni mwa Aprili, na majani ya momiji, mti wa mepo, hugeuka mekundu katika nusu ya pili ya Novemba. Ni majira mazuri mno, na ndiyo yenye msongamano mkubwa kuliko yote. Kwa safari ya kwanza mimi ningechagua nusu ya pili ya Mei: likizo ndefu ya Wajapani ya mwisho wa Aprili na mwanzo wa Mei imekwisha, na mvua za Juni hazijaanza. Agosti jua lake ni kali na hewa ni nzito, hata kwa mtu wa pwani.

Sisi tuliozoea jua linalochomoza na kuzama saa 12 mwaka mzima tunasahau jambo moja. Kyoto mwezi wa Desemba jua huzama kabla ya saa 11 jioni, na Juni huchomoza kabla ya saa 11 alfajiri. Mahekalu mengi hufunga kati ya saa 10 na saa 11 jioni, na kuuza tiketi huishia takriban nusu saa kabla. Vibao vyao huandikwa kwa mfumo wa saa 24: ukiona 16:30, hiyo ni saa 10 na nusu jioni. Hesabu siku yako ukianzia hapo kurudi nyuma.

Hatua ya 2: Jua hekalu, jua jinja

Hekalu ni la Kibudha, na jinja ni ya Kishinto. Kuzitofautisha si vigumu. Mbele ya jinja husimama torii, lango la nguzo mbili na boriti mbili juu yake, mara nyingi la rangi nyekundu inayoelekea chungwa. Hekalu huwa na geti kubwa lenye paa, sanamu za Buddha ndani, pengine mnara wa ghorofa tatu au tano, na harufu ya udi. Majina pia husaidia: linaloishia na -ji au -dera ni hekalu, kama Todai-ji na Kiyomizu-dera. Linaloishia na Taisha, Jinja au Jingu ni la Kishinto.

Lakini usishangae kuona torii ndogo ndani ya uwanja wa hekalu. Kwa karne nyingi dini hizi mbili ziliishi pamoja, na miungu ya Kishinto ilihesabiwa kuwa walinzi wa mahekalu. Ni serikali ya Kaizari Meiji iliyoamuru mwaka 1868 zitenganishwe. Amri ilitekelezwa, mahekalu mengi yakaumia kwa sababu yake, lakini mioyo ya watu haikugawanyika: hadi leo familia ileile hupeleka mtoto mchanga kwenye jinja na kumzika babu kwa ibada ya Kibudha.

Jambo la pili la kujua ni maana ya ukale. Majengo haya ni ya mbao, na Kyoto imeungua mara nyingi. Vita vya Onin, kuanzia 1467 hadi 1477, viliteketeza sehemu kubwa ya mji. Kwa hiyo hekalu likisema lilianzishwa karne ya nane, jengo unaloliona huenda ni la karne ya 17. Kinkaku-ji, lile la ghorofa za dhahabu linalojaa kwenye kalenda, lilichomwa moto na mtawa kijana mwaka 1950, na la sasa lilikamilika 1955. Wajapani hawalioni hilo kuwa kasoro. Wanalijenga upya kwa kufuata umbo lilelile, na wao huhesabu umri kuanzia siku ibada ilipoanza mahali pale.

Hatua ya 3: Viatu, sarafu na kadi ya usafiri

Vaa viatu vinavyovulika bila kufungua kamba, na soksi nzima zisizo na tundu. Kumbi nyingi utaingia ukiwa umevua, na sakafu ya mbao mwezi wa Januari ina baridi ya kuuma. Kwenye mikeka ya tatami hata kandambili za ndani huachwa nje.

Beba fedha taslimu. Viingilio vingi viko kati ya yeni 400 na 1,000, na sehemu nyingi hazipokei kadi. Mashine za kutolea pesa katika maduka ya 7-Eleven hupokea kadi za nje. Weka akiba ya sarafu ndogo kwa masanduku ya sadaka. Sarafu ya yeni 5, ile yenye tundu katikati, ndiyo inayopendwa zaidi, na huna haja ya kutoa zaidi ya hiyo.

Nunua kadi ya ICOCA kituoni. Hutumika kwenye treni, mabasi na hata madukani. Kwenye basi la mji wa Kyoto unapanda mlango wa nyuma na kulipa unaposhuka mbele. Mizigo mikubwa iache hotelini au kwenye makabati ya kukodi ya kituo cha treni. Chukua pia mfuko wa taka zako mwenyewe, maana mapipa barabarani ni adimu, na utazunguka na chupa tupu mchana kutwa.

Hatua ya 4: Adabu ya kuingia

Kwenye jinja, simama mbele ya torii, inama kidogo, kisha pita pembeni mwa njia. Katikati huachiwa mungu wa mahali pale. Utakuta birika la jiwe lenye kata za mianzi. Shika kata kwa mkono wa kulia, mwagia maji mkono wa kushoto. Badilisha, osha wa kulia. Rudisha kata mkono wa kulia, tia maji kidogo kwenye kiganja cha kushoto, sukutua, na uteme pembeni, si ndani ya birika. Usiguse kata kwa mdomo. Mwagia tena mkono wa kushoto, halafu simamisha kata wima ili maji yaliyobaki yaoshe mpini, kisha uirudishe ikitazama chini. Baadhi ya jinja sasa zina maji yanayotiririka tu bila kata.

Mbele ya ukumbi, wanaoabudu hutumbukiza sarafu taratibu, hutikisa kengele ikiwepo, huinama sana mara mbili, hupiga makofi mawili, huomba kimya, kisha huinama mara moja. Hekaluni hakuna makofi kabisa: ni kuunganisha viganja na kunyamaza. Kizingiti cha geti la hekalu kivuke, usikikanyage.

Je, lazima nawe ufanye haya? Wengi wetu ni Waislamu au Wakristo, na jambo hili linagusa imani, kwa hiyo nalisema wazi: hapana. Hakuna atakayekuuliza dini yako wala kukutazama vibaya ukikaa bila kuinama. Kinachotakiwa ni kusimama kando, usizibe njia ya kwenda kwenye sanduku la sadaka, na usicheke wala kupiga kelele mbele ya mtu anayeomba. Hijabu na kofia ya ibada hazina tatizo. Kofia ya jua ivue ukiwa ukumbini.

Kuhusu picha, kanuni ni moja: bustani na majengo kwa nje unaweza, sanamu zilizo ndani ya kumbi mara nyingi hapana. Tafuta kibao kabla ya kutoa simu. Ukikuta harusi ya Kishinto, na wikendi utaikuta, wape nafasi. Bi harusi hajavaa vile kwa ajili ya watalii. Na katika Gion, mtaa wa Kyoto, usiwafukuzie geisha, wasanii wa kike waliovaa kimono za kazi. Vichochoro vya faragha huko vimewekewa vibao vya marufuku na faini ya yeni 10,000 kwa sababu ya wageni waliokosa haya.

Kuna kitu kimoja ningependa ukinunue mapema, kwenye hekalu la kwanza: kitabu cha goshuin. Ni kijitabu cha karatasi nene kinachokunjuka. Mahekalu na jinja nyingi huwa na dirisha ambapo mhudumu hugonga mihuri myekundu na kuandika kwa brashi na wino mweusi jina la mahali na tarehe. Gharama huwa yeni 300 hadi 500. Mpe kitabu kikiwa wazi kwenye ukurasa husika, na sarafu kamili ukiweza. Usipeleke daftari la shule wala kitabu cha kumbukumbu cha kawaida, kwa kuwa mwandiko ule unahesabiwa kuwa kitu cha ibada. Ukimtazama mzee akiandika kwa mkono usiotetemeka hata kidogo, utaona sanaa ambayo hakuna duka linaloiuza.

Hatua ya 5: Siku ya kwanza, Sanjusangen-do

Japani iko mbele ya Dar es Salaam na Nairobi kwa saa 6. Saa 12 asubuhi ya Kyoto, nyumbani ni saa 6 usiku. Basi usijilazimishe kuamka alfajiri siku za mwanzo. Lala mpaka mwili ukubali, kisha nenda Sanjusangen-do, ambayo haihitaji uwahi sana.

Kwa nje ni jengo refu la kawaida, takriban mita 120. Vua viatu, ingia, na utasimama mbele ya sanamu 1,001 za Kannon, mwenye huruma katika Ubudha. Mmoja mkubwa ameketi katikati, na 1,000 wamesimama kwa safu kulia na kushoto, wote wa mbao iliyopakwa dhahabu. Ukumbi wa kwanza ulijengwa 1164 na kuungua 1249. Watu waliweza kuokoa sanamu 124 tu kutoka motoni, na zilizobaki zilichongwa upya, jengo likakamilika 1266. Kannon wa katikati ni kazi ya mchongaji Tankei, aliyeimaliza 1254 akiwa mzee wa zaidi ya miaka 80.

Picha hairuhusiwi, na nashukuru kwamba hairuhusiwi. Tembea toka mwisho hadi mwisho polepole, halafu rudi. Mara ya pili ndipo nyuso huanza kutofautiana. Mbele ya safu kuna sanamu 28 za walinzi, na mzee aliyekonda, mbavu nje, ana uhai wa kukufanya urudi nyuma hatua moja.

Siku hiyo usiongeze jambo kubwa. Kula, tembea, lala mapema.

Hatua ya 6: Siku ya pili, Nara

Treni ya haraka ya JR iitwayo Miyakoji hufika Nara toka Kyoto kwa dakika 45 hivi. Reli ya Kintetsu inakushusha karibu zaidi na bustani.

Kulungu zaidi ya 1,000 huzurura huru Nara. Tangu kale huhesabiwa kuwa wajumbe wa miungu ya Kasuga Taisha, na leo sheria inawalinda. Biskuti zao huuzwa njiani, na usiwape chakula kingine chochote. Ukinunua, ficha, toa moja moja, na onyesha viganja vitupu zikiisha. Wanauma. Madume wakati wa vuli wana hasira, kwa hiyo mtoto mdogo asiachwe peke yake.

Kabla ya kufika Todai-ji utapita chini ya geti la Nandaimon. Hapo watu hupita wakiwa wanatazama kulungu, na wanapoteza mengi. Pande mbili za geti wamesimama walinzi wawili wa mbao wenye urefu wa zaidi ya mita 8, kazi ya wachongaji Unkei, Kaikei na wasaidizi wao, mwaka 1203. Simama. Tazama mishipa ya shingo na mikunjo ya nguo.

Ukumbi wa Todai-ji una Buddha wa shaba mwenye kimo cha takriban mita 15. Kaizari Shomu aliagiza atengenezwe wakati nchi ilipoandamwa na ndui na njaa, akitumaini Buddha angeilinda. Sanamu ilizinduliwa 752, na aliyechora macho yake kwa brashi alikuwa mtawa kutoka India, Bodhisena. Ukumbi uliungua mara mbili katika vita, 1180 na 1567. Wa sasa ulikamilika 1709, na ingawa upana wake, mita 57, ni theluthi mbili tu ya ule wa zamani, bado ni mmoja wa majengo makubwa zaidi ya mbao duniani. Nyuma ya Buddha kuna nguzo yenye tundu chini, na watoto hupenda kupenya.

Ukitoka, panda upande wa mashariki hadi ukumbi wa Nigatsu-do. Ni bure, na roshani yake inatazama mji wote. Halafu shuka kwa njia ya msituni hadi Kasuga Taisha, iliyoanzishwa 768, yenye taa zipatazo 3,000 za mawe na za shaba zilizotolewa na waumini kwa karne nyingi.

Hatua ya 7: Siku ya tatu, Kiyomizu-dera alfajiri

Sasa mwili umeanza kuzoea. Kiyomizu-dera hufungua saa 12 asubuhi, na tofauti kati ya saa 12 na saa 4 ni kubwa mno: saa 12 utasikia ndege na mafagio ya watawa, saa 4 utasikia wanafunzi wa ziara za shule. Hekalu lilianzishwa 778. Jukwaa lake maarufu, linaloning'inia mlimani mita 13 juu ya bonde, ni la 1633, na nguzo zake zimeshikana kwa boriti zilizopenyezwa bila misumari. Usiishie juu ya jukwaa. Teremka ngazi hadi chini yake uone jinsi mbao zilivyofungana, maana ustadi wote uko huko.

Huko chini maji ya chemchemi ya Otowa yanaanguka kwa mifereji mitatu. Watu hukinga kwa kata ya mpini mrefu na kunywa. Kunywa mfereji mmoja, kwani kugombea yote mitatu huonwa kuwa ulafi.

Mchana, ukiwa bado na nguvu, vuka mji kwenda Ryoan-ji ukaone bustani ya mawe 15 juu ya changarawe nyeupe. Popote utakapoketi kwenye baraza, angalau jiwe moja hufichika. Kinkaku-ji iko karibu nayo, umbali wa dakika 20 kwa miguu. Ni nzuri, imejaa watu, na nusu saa inatosha.

Karibu na mahekalu utaona migahawa ya shojin ryori, chakula cha watawa kisicho na nyama wala samaki. Muislamu aulize kwanza kuhusu sake na mirin, kwa maana pombe ya kupikia huweza kutiwa hata kwenye mboga.

Hatua ya 8: Siku ya nne, Fushimi Inari

Panda treni ya kawaida ya reli ya Nara, si ya haraka, kwa sababu ya haraka haisimami Inari. Ni kama dakika tano toka kituo cha Kyoto, na ukishuka geti liko mbele yako. Hakuna kiingilio, na hapafungwi usiku wala mchana. Fika kunapopambazuka.

Jinja hii imekuwapo tangu 711. Inari ni mungu wa mpunga na baadaye wa biashara, na mbweha ndio wajumbe wake. Tazama midomoni mwao utaona ufunguo, shuke la mpunga au kito. Maelfu ya torii yanayofunika njia ya mlima yametolewa na wafanyabiashara, kuanzia kampuni kubwa hadi muuza duka. Ukipanda huoni maandishi. Ukishuka, mgongoni mwa kila torii utaona jina la aliyetoa na tarehe. Mbao huoza, torii huondolewa, na mpya husimamishwa mahali pake, kwa hiyo njia hii haijawahi kukamilika.

Wageni wengi hugeuka baada ya safu ya kwanza. Endelea hadi njia panda ya Yotsutsuji, ambako Kyoto yote inaonekana. Mzunguko mzima wa mlima huu, ambao kilele chake kina kimo cha mita 233, huchukua saa mbili hadi tatu. Beba maji.

Ukipata siku ya tano

Nenda Horyu-ji, kituo cha tatu toka Nara kwa reli ya JR, kisha dakika 20 za kutembea au basi fupi. Kiingilio chake ni cha juu kuliko mengi, na watalii wa kigeni ni wachache. Hekalu lilianzishwa 607, likaungua 670, na majengo yaliyojengwa baada ya moto huo bado yamesimama, miongoni mwa ya mbao ya kale kuliko yote duniani. Kipimo cha pete za mti kimeonyesha kuwa nguzo ya katikati ya mnara wa ghorofa tano ilikatwa mwaka 594. Fika asubuhi na utenge saa mbili, kwa kuwa makumbusho ya ndani yana sanamu ya Kudara Kannon, nyembamba na ndefu, ambayo haifai kutazamwa kwa haraka.